Mtu wa Kumi na Mbili

Mume wangu Kornelio alikuwa mpanda mikarafuu hodari kuliko wote kutoka Kiuyu mpaka Konde, na anayebisha aje abishane na mimi, nyumba yangu anaijua. Nasema hivi mapema kwa sababu watu siku hizi wanamkumbuka kitandani tu. "Masikini Kornelio." Masikini wa nini? Mtu aliyekuwa anamaliza mti mzima wenzake hawajamaliza chai, akashuka na pakacha limejaa, hajavunja hata kijitawi! Nimeishi naye miaka arobaini na moja. Nimempikia, nimemzalia, nimemnunia. Basi niachieni mimi nimsimulie.

Sisi ni Wakatoliki. Ndiyo, Pemba hapa hapa, na Wapemba wa kuzaliwa. Babu zetu walitoka bara kuja kuchuma karafuu, msimu ukaisha, wao wakabaki. Kigango chetu kina mabenchi kumi na moja na paa la mabati, na Jumapili ikiwa njema tunafika watu thelathini na wanne ukihesabu na wanaonyonya. Askari polisi mmoja akihamishwa tu, kwaya haina besi tena. Padre hutujia kutoka Wete, na siku asizokuja tunasali na katekista wetu, Bwana Filibeti, mtu mpole mpaka anakera.

Sasa kwa kigango cha namna hiyo Alhamisi Kuu ni kazi. Jioni hiyo, kabla ya Ijumaa Kuu, padre huvua kasula, lile vazi lake la juu la Misa, akajifunga taulo kiunoni, akapiga magoti na kuwaosha miguu watu kumi na wawili, kama Bwana wetu alivyowaosha wanafunzi wake. Kumi na wawili! Tuwatoe wapi? Filibeti alikuwa anaanza kuwasaka tangu Jumatano ya Majivu. Anampata mwalimu, anampata muuguzi, anawapata askari walioko, siku hizi na sisi wanawake tumo. Kila mwaka anafika kumi na mmoja. Na kila mwaka anakuja kwangu, anakunywa chai taratibu, anamwangalia Kornelio kwa jicho la huruma.

"Mie si wa kuoshwa," Kornelio anasema. "Miguu hii ya kupandia miti, padre aishike kwa mikono anayoshikia Ekaristi? Hasha!"

Watu wakamsifu. Ati unyenyekevu ulioje! Mimi nilikuwa namwambia waziwazi, tena mbele ya Filibeti, kwamba hicho ni kiburi kilichovaa kanzu. Kwa maana namjua. Kornelio alikuwa mtu wa kutoa tu. Ndiye aliyepaka chokaa kigango, ndiye aliyepanda juu kuziba paa kila masika, ndiye aliyechimba kaburi la kila Mkristo aliyekufa upande wetu, na makaburi ya Waislamu alikwenda kusaidia. Lakini umpe yeye kitu! Ukimpa ndizi moja, kesho anakuletea chane. Hakutaka mtu yeyote duniani aseme, Kornelio nilimsaidia mimi.

Rafiki yake alikuwa Shaame, jirani yetu wa mpaka mmoja. Walichuma pamoja zaidi ya miaka thelathini, wakati mwingi katika shamba la Bi Fakhriya. Mkarafuu una kazi ya watu wawili. Mmoja hulivuta tawi kwa upembo, ule mti wenye kigoe, akalifunga kwa kamba, kisha husema "Haya!" na mwenzake ndipo anakanyaga na kuchuma. Husogei mpaka uambiwe haya. Shaame akisema haya, Kornelio alikanyaga bila kutazama.

Mwaka 2022, mwezi wa kumi na moja, Kornelio alikuwa na miaka sitini na sita. Bi Fakhriya mwenyewe alimwambia, "Mzee Kornelio, mti waachie vijana, wewe kaa chini uchambue." Akacheka. Asubuhi ile kulikuwa na manyunyu. Shaame akavuta tawi, akafunga, akasema haya, Kornelio akakanyaga, na tawi likang'oka kwenye shina. Kamba haikuwa na kosa. Mkarafuu ndivyo ulivyo, hukatika bila kukuaga. Kornelio alianguka kimya kimya. Aliyepiga ukelele ni Shaame, na nilimsikia mimi nikiwa kisimani.

Hospitali walifanya waliyoweza. Uti wa mgongo ulikuwa umevunjika. Baada ya wiki saba wakanirudishia mume wangu, mikono ni ile ile ya chuma, kifua kile kile, na kutoka kiunoni kushuka hakuna kitu. Ungemfinya mpaka kesho asijue.

Sitaki kuwadanganya kwamba alipokea mateso yake kitakatifu. Alinuna. Hakutaka mwanamume amwogeshe, hakutaka mwanamke mwingine aingie chumbani, ni mimi peke yangu na mlango umefungwa. Mimi nina miaka sitini na mbili na mgongo wangu nao una maneno yake. Siku moja nilipomgeuza kwa nguvu kidogo alilirusha bakuli la uji ukutani. Nami nikarusha kijiko. Kisha tukasali rozari, kila mtu ameangalia upande wake.

Lakini miguu, hapana, hata mimi alinikataza. "Miguu niachie mwenyewe." Anakaa, anauvuta mguu mmoja kwa mikono, anaupitishia kitambaa chenye maji chini ya shuka, anauvuta wa pili, kisha anafunika. Aliona haya. Miguu iliyokuwa inapanda miti sasa imekonda, imelala kama vitu vya mtu mwingine. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimechoka. Nikasema, haya, kazi moja imepungua.

Shaame hakuchoka. Kila alasiri, akishatia udhu kwake, alivuka mpaka na kopo lake la maji mkononi. "Hodi! Kornelio, lete miguu."

"Nenda zako na kopo lako."

"Mie nimeshaosha yangu. Maji haya yaliyobaki ni yako."

"Nimesema nenda."

Basi Shaame anaweka kopo chini, anakaa kwenye kiti, anamsimulia mpira wa uwanja wa Gombani, nani kafunga na nani kakosa, kisha anaondoka. Kesho yake hodi. Zaidi ya mwaka mzima, hodi! Nilimwambia, "Shaame, wewe huna haya? Mtu amekukataa." Akanijibu, "Bi Pelagia, mie nilimwambia haya, akakanyaga. Sasa nikae kwangu, yeye amelala ameugeukia ukuta?" Tangu siku hiyo nikawa namwekea kiti kabla hajabisha hodi.

Jumatano ya Majivu ya mwaka 2024 Filibeti alileta majivu nyumbani. Akampaka Kornelio kwenye paji la uso, akamkumbusha kwamba yeye ni mavumbi, Kornelio akaitikia vizuri. Filibeti alipotoka nikainama kunyoosha shuka, nikasikia harufu. Si jasho, si mkojo, hizo nilizizoea. Nikalishika shuka. Akalishika naye. Tukavutana, watu wazima wawili wenye majivu usoni, mpaka nikashinda.

Kisigino cha kushoto kilikuwa cheusi, na katikati ya ule weusi niliona mfupa.

Nilipiga kelele, nikamtukana. Ndiyo, nilimtukana mgonjwa, siku ya kwanza ya Kwaresima. "Tangu lini?"

"Sikujua, Mama Tekla. Sikusikia kitu."

"Ungesikiaje, na miguu haina hisia? Ndiyo maana Mungu kawapa watu wengine macho! Ungemwachia Shaame angeona siku ya kwanza!"

Alikitazama kisigino chake. Alikuwa anapitisha kitambaa juu tu, mbele, pale anapofika, na kisigino kililalia godoro miezi yote ile bila jicho la mtu kukiona.

Daktari wa hospitali alikuwa binti mdogo tu, lakini mkweli. Alisema uchafu wa kidonda umeingia kwenye mfupa na sasa umo kwenye damu. Kuukata mguu, moyo wake hautastahimili. Atatupa dawa na atanifundisha kufunga kidonda. Kornelio akauliza, "Pasaka nitafika?" Akasema, "Huenda, babu." Kornelio akashukuru kwa kichwa, tukarudi nyumbani.

Siku ya tatu, alasiri, hodi. Nikajikaza nisisikie tena mtu anafukuzwa. Kornelio akasema, "Shaame, ingia. Lakini kunanuka."

"Pua ninayo, najua."

Akaingia na kopo. Nikalifunua shuka, na safari hii Kornelio hakulishika. Shaame akauweka mguu wa kwanza kwenye beseni, akauosha vidole kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayeosha mtoto. Ule wenye kidonda nilimwonyesha pa kugusa na pa kuacha. Kornelio hakugeukia ukutani. Alimtazama rafiki yake tangu mwanzo mpaka mwisho, machozi yanashuka, hayafuti.

Walipomaliza akasema, "Nilidhani ni unyenyekevu. Kumbe nilikuwa nauficha uozo." Kisha akaniambia nimwite Filibeti.

Filibeti akaja mbio akidhani mtu anakata roho. Kornelio akamwambia, "Niandike. Alhamisi Kuu, mtu wa kumi na mbili ni mimi."

Jamani! Miaka kumi na tisa Filibeti amekunywa chai yangu akisubiri neno hilo, na sasa akawa anatazama dari. Njia ni mbovu, akasema. Mgonjwa atachoka. Na watu, unajua, hali yenyewe ya kidonda... Padre naye alipokuja kumwungamisha na kumpa Mpako wa Wagonjwa alisema kwa upole, "Mzee wangu, nitakuja mimi hapa nyumbani. Nitakuosha hapa hapa, Mungu haangalii mahali."

"Hapana, Padre," Kornelio akasema. "Nilikuwa nakataa mbele za watu. Nikubali mbele za watu."

Sikumtetea, maana hakuhitaji wakili. Lakini pale ndipo nilipoanza kujisikia fahari ambayo haijanitoka hadi leo. Mtu aliyeogopa mkewe asione miguu yake sasa anataka kuipeleka ikiwa inaoza mpaka mbele ya altare.

Kilichobaki ni siku. Daktari alisema huenda, na huenda si ahadi. Kila asubuhi nilikuwa namgusa paji kabla sijafungua dirisha. Wiki ya Matawi homa ikapanda, akawa anaongea na marehemu mama yake. Nikamwambia, "Kornelio, wewe ndiye uliyetaka mbele za watu. Usinitie aibu ukafa Jumanne." Akafumbua macho, akacheka. Jumatano akanywa uji wote.

Mwaka ule Kwaresima na Ramadhani viliingiliana, kwa hiyo Padre aliweka Misa saa kumi jioni, isigongane na futari ya majirani. Njia ilikuwa tope, gari la ng'ombe halipiti. Alhamisi yenyewe, saa nane, jua kali, Shaame akaja na wanaume watano, mpwa wake Suhail na nduguze na jamaa wengine wa kwao, wote wamefunga, midomo imekauka. Nikaanza, "Nyinyi mna akili? Mtambeba mtu mzima mwendo wote ule bila hata funda la maji? Mtazirai njiani nipate wagonjwa saba!"

"Bi Pelagia," Shaame akasema, "leo usitufokee. Tumefunga."

Wakamnyanyua na kitanda chake cha kamba, na shuka jeupe nililolifua mwenyewe.

Sasa kwetu mtu akiona kitanda kinabebwa mabegani anajua ni maiti, na maiti hapitwi. Utaacha jembe, utaacha duka, utakwenda ukatie bega hata hatua saba. Tulipofika maduka ya kwanza wanaume wakainuka wote, kofia zimewekwa sawa, wengine wameshaanza kuinua mikono kumwombea marehemu. Kornelio akanyanyua kichwa.

"Kaeni, kaeni! Bado nipo!"

Mzee mmoja nusura aanguke. Kisha kikapasuka kicheko, njia nzima. Mtu akauliza anapelekwa wapi, Shaame akasema, "Kanisani kwao, ana shughuli." Na unadhani walirudi kukaa? Wakatia mabega. "Tumeshainuka," mmoja akasema, "na ukifa kweli tutakuja tena." Wakapokezana, wanaingia na kutoka, mpaka tunafika kigangoni nyuma ya kitanda kile kuna wanaume ishirini na zaidi wenye kofia. Nilitembea mbele. Sikuinamisha kichwa hata kidogo.

Waliokuja naye wakabaki nje kivulini. Kitanda kikawekwa mwisho wa benchi la wale kumi na mmoja. Wakati ulipofika, Padre akajifunga taulo, akaanza kwa mwalimu, akashuka mmoja mmoja. Alipofika kwa Kornelio niliinuka kufungua kitambaa, maana ni mimi niliyefundishwa. Harufu ikatoka. Mke wa askari mmoja alifunika pua kwa khanga, na nilimwona, na anajua nilimwona. Padre aligeuza uso kidogo. Ni kijana, msimlaumu. Lakini aliinama. Akamimina maji, akaosha mguu wa kulia, akaosha wa kushoto kukizunguka kidonda, akaukausha, akaubusu.

Kornelio hakufunika kitu. Mikono yake aliiweka kifuani, imefunguka, na aliwatazama watu wote wa kigango chake waliokuwa wanamtazama. Mke wa askari akaishusha khanga yake.

Misa ilipokwisha tukakitoa kitanda nje. Jua lilikuwa linazama, na wanawake wa kigango walikwishaandaa tende na maji kwa ajili ya wageni wetu, maana nani angewaacha warudi njia yote ile bila kufuturu? Wakasubiri. Adhana ikasikika kutoka msikiti wa jirani, wakafungua. Kisha wakaanza kutia udhu kwenye pipa letu la maji ya mvua, wasali pale pale uwanjani.

Shaame alikuwa karibu na kitanda. Akaosha mikono, akasukutua, akaosha uso, akafika viwiko, akapaka maji kichwani. Imebaki miguu. Kornelio akanyoosha mkono.

"Nipe kopo."

"La nini?"

"Nipe, nimesema. Uweke mguu hapa."

Shaame alimtazama. Wenzake walikuwa wameshaanza kujipanga. Kisha akavua kandambili, akauweka mguu wake wa kulia kwenye ukingo wa kitanda, na Kornelio akajiinua kwa kiwiko kimoja, akamimina, akasugua kwa vidole vile vilivyochuma karafuu miaka arobaini, katikati ya vidole, mpaka kwenye kifundo.

"Haraka, Kornelio," Shaame akasema. "Magharibi ni fupi."

"Lete wa pili."

Alikufa Jumatatu ya Pasaka, saa tatu asubuhi. Nilikuwa nimemaliza kumbadilishia kitambaa na ninamwosha miguu. Homa ilikuwa imeshuka na uso wake ulikuwa mzuri. Akasema, "Asante, Pelagia." Tangu tumzae Tekla hakuwahi kuniita jina langu. Nikanyanyua kichwa nimjibu, nimtanie, nimwambie leo kulikoni, na mimi mdomo wangu mnaujua. Alikuwa ameshakwenda. Nikamalizia mguu uliobaki, nikaukausha, kisha nikatoka nje kumwita Shaame.